Leseni Isife na Madabodi: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Microsoft

Kwa Ndugu Satya Nadella, Mtendaji Mkuu,
na kwa wakuu wote wanaosimamia Windows,
Microsoft, Redmond, Jimbo la Washington, Marekani.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa kompyuta wa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuzirudisha mashine kazini: kubadilisha pawa saplai iliyoungua, kuongeza RAM, kutoa diski iliyochoka na kuweka SSD, kupiga Windows upya, na madabodi ikifa, kuitafuta nyingine inayolingana nayo katika maduka ya Kariakoo. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninachokilalamikia hakimalizwi na simu ya huduma kwa wateja. Ni sera, na sera hubadilishwa na wale walioitunga.

Windows imejengwa kwa kumfikiria mtu anayenunua kompyuta mpya, akaitumia miaka michache ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani, kisha akanunua nyingine. Huku kwetu kompyuta nyingi haziishi hivyo. Zinafika zikiwa mtumba, kutoka Ulaya, Marekani au kupitia Dubai, zikiwa zimeshamaliza zamu yake ya kwanza katika ofisi za watu. Hapo ndipo maisha yake ya pili yanapoanza, na maisha hayo ni ya kubadilishwa kifaa baada ya kifaa. Umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, unaondoka na pawa saplai, na mara nyingine unaondoka na madabodi yenyewe. Vumbi linaziba feni. Hewa ya chumvi ya pwani inakula miguu ya chipu. Mwenye stesheneri, mwalimu wa shule ya kata, karani wa ushirika na mwanafunzi wa chuo hawabadilishi vifaa kwa anasa. Wanabadilisha kwa sababu kifaa kimoja ni nafuu kuliko kompyuta nzima.

Tunasema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Windows imetulisha mafundi wengi, na kazi kubwa za nchi hizi zinafanyika juu yake. Windows 10 mliyoitoa tarehe 29 Julai 2015 ilikuwa rafiki wa mashine kuukuu kuliko matoleo mengi. Iliingia kwenye kompyuta za kila namna, na mlitoa mwaka mzima wa kuhamia huko bure kutoka Windows 7 na 8.1. Kwa hiyo siandiki nikiwa adui yenu. Naandika kwa sababu mlango uliokuwa wazi sasa umefungwa, na waliobaki nje ni watu waliokwisha kulipa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Leseni mmeifunga kwenye madabodi, wakati aliyeinunua ni mtu.

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, mashine inapoamilishwa huchukuliwa alama inayotokana na vifaa vilivyomo ndani yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinazotoka kiwandani na Windows hubeba ufunguo wake ndani ya chipu ya BIOS, juu ya madabodi. Ukibadilisha RAM au diski, kwa kawaida hakuna shida, na kwa hilo tunashukuru. Ukibadilisha madabodi, mfumo wenu huihesabu kuwa ni kompyuta nyingine kabisa. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani inaruhusiwa kuhamishwa. Ile iliyokuja na kompyuta, ambayo ndiyo waliyonayo wengi wa wateja wetu, hairuhusiwi.

Kinachofuata hapo ni bahati nasibu. Nikipata madabodi iliyotoka kwenye mashine yenye ufunguo wa Windows Pro, na diski ya mteja nayo ina Pro, itajiamilisha yenyewe nikiwasha intaneti. Madabodi hiyohiyo ikiwa imetoka kwenye mashine ya Windows Home, mteja mwenye Pro ataambiwa hana leseni. Mtu yuleyule, meza ileile, mafaili yaleyale, kesi ya kompyuta ileile yenye stika ya Windows ubavuni, lakini haki yake inategemea bodi iliyopatikana sokoni siku hiyo.

Mwenye gari akibadilisha injini, anakwenda kwenye mamlaka inayohusika, namba mpya ya injini inaingizwa kwenye kadi, na gari linabaki kuwa lake kwa namba zilezile za usajili. Hakuna anayemwambia anunue upya haki ya kuliendesha. Sisi tunaomba utaratibu wa namna hiyo: mmiliki atoe taarifa kwamba kifaa kimebadilishwa, mthibitishe, aendelee na kazi yake.

2. Njia ya kurejesha leseni inamtaka mtu awe amejiandaa kabla ya ajali.

Mwaka 2016 mliweka ndani ya Windows 10 kitatuzi cha uamilishaji, ambacho humruhusu mtu kusema kwamba amebadilisha vifaa karibuni na kuiomba leseni yake irudi. Ni jambo jema. Lakini linafanya kazi kwa yule tu aliyekuwa ameiunganisha leseni yake na akaunti ya Microsoft kabla kifaa hakijabadilika. Kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwetu hazijawahi kuunganishwa na akaunti yoyote, kwa kuwa muuzaji alifungua akaunti ya ndani ya mashine ili mteja aondoke nayo haraka bila kumaliza bando. Madabodi ikishakufa, hakuna tena pa kuingilia ili uiunganishe.

Hata aliyeiunganisha hana uhakika. Maelezo yenu wenyewe yanasema kitatuzi kitakataa ikiwa toleo halilingani, ikiwa aina ya kifaa ni tofauti, au ikiwa mtu ameshafikia kikomo cha idadi ya mara anazoruhusiwa kuamilisha tena. Kikomo hicho kinamgonga nani? Kinamgonga yule ambaye umeme wa mtaani kwake ni mbovu, ambaye mashine yake imeharibika zaidi ya mara moja. Mwenye shida nyingi ndiye mliyemwekea milango michache.

3. Mpaka wa Windows 11 mmeuchora kwa tarehe ya kuzaliwa ya prosesa.

Mlipoitoa Windows 11 tarehe 5 Oktoba 2021 mlitaja masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwezo wa Secure Boot (kuwasha mfumo uliothibitishwa tu), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha yenu. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kimsingi inaanzia kizazi cha 8. Desemba 2024 mlisisitiza kwamba TPM 2.0 ni sharti lisilo na mjadala. Nalikubali sharti hilo. Usalama unahitaji msingi, na chipu ile inautoa.

Sasa ichukueni ThinkPad T470 yenye prosesa ya kizazi cha 7, mashine inayojulikana vizuri katika soko la mtumba. TPM 2.0 inayo. Secure Boot inayo. Inapokea SSD, na RAM yake huongezwa hadi GB 32. Kila sharti la usalama mlilolitaja linatimizwa, lakini inakataliwa kwa sababu prosesa yake haimo kwenye orodha. Wakati huohuo Celeron N4000, yenye kori mbili na mwendo wa kukatisha tamaa, imo. Core i7-7700, yenye kori nne na nguvu inayoizidi mbali, haimo. Na Core i7-7820HQ, ambayo nayo ni ya kizazi cha 7, mliiruhusu mwaka 2021 kwa baadhi ya mashine, ikiwemo Surface Studio 2 mliyoiuza ninyi wenyewe. Kama sheria ilipinda kwa ajili ya mashine yenu, inaweza kupinda kwa ajili ya mashine ya mwalimu wa Tandahimba.

Mlieleza wakati ule kwamba mashine zisizotimiza masharti zilikuwa na mianguko ya kiini cha mfumo kwa asilimia 52 zaidi ya zile zilizotimiza. Nakubali kuwa hiyo ni sababu ya kumwonya mtumiaji. Anayeongeza RAM, anayeweka SSD na kubadilisha feni ameshaonyesha kuwa yuko tayari kuibeba hatari hiyo. Mpeni onyo, mpeni na sasisho.

Kwetu sisi tunaobadilisha vifaa, mpaka huu una ubaya wa ziada. Kompyuta iliyokuwa na sifa jana inaweza kuzikosa leo kwa sababu ya ukarabati tu. Madabodi ya kizazi cha 8 ikifa, na iliyopatikana ikawa ya kizazi cha 7, mteja anapoteza leseni na anapoteza haki ya kupata toleo jipya kwa mpigo mmoja.

4. Mnafunga diski bila kuhakikisha kwamba mwenye mali anao ufunguo.

Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, usimbaji fiche wa diski unawashwa wenyewe kwenye mashine nyingi zaidi pale Windows inapopigwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft. Kulinda mafaili ya mtu dhidi ya mwizi ni kazi njema. Lakini ufunguo wa diski umefungamanishwa na chipu ya TPM, na chipu ile inakaa kwenye madabodi. Madabodi ikibadilishwa, kioo kinakuja na ombi la tarakimu 48 ambazo mteja hajawahi kuziona maishani mwake.

Mnasema tarakimu hizo zimehifadhiwa kwenye akaunti yake. Lakini akaunti ni ya nani? Mara nyingi ni ya muuzaji au ya fundi, aliyetumia barua pepe yake mwenyewe ili kumaliza hatua za mwanzo. Muuzaji ameshahama mtaa, namba yake haipatikani, na diski yenye tasnifu ya mwanafunzi au vitabu vya hesabu za kikundi cha vikoba inageuka kuwa kipande cha chuma. Mwizi hajagusa kitu. Mwenye mali ndiye aliyefungiwa nje.

5. Ulinzi wa Windows 10 mmeugawa kwa ramani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 mlisitisha msaada wa Windows 10. Mkaongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya mliwapa mwaka huo bila malipo, baada ya shirika la watetezi wa walaji kuwabana. Sisi wengine tuliambiwa tulipe dola 30, au tutoe pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au tuhifadhi mipangilio ya kompyuta zetu kwenye mtandao wenu. Mashirika yanayolipa dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, na mara mbili yake kila mwaka unaofuata, yanaweza kulindwa kwa miaka mitatu. Shule mmezipunguzia hadi dola 1 kwa mwaka wa kwanza, na hilo nawapongeza kwa dhati.

Kirusi hakiulizi pasipoti. Kiraka kinachoilinda kompyuta ya Lisbon ni kilekile kinachoilinda ya Lindi, na kimeshaandikwa tayari. Kwa nini mkazi wa Lindi akipate kwa masharti magumu zaidi?

Katika mpango huohuo, hata hivyo, ninyi wenyewe mmetoa jibu la malalamiko yangu ya kwanza. Leseni ya viraka hivyo mmeiunganisha na akaunti ya mtu, na mtu mmoja anaruhusiwa kuitumia kwenye vifaa hadi 10. Kumbe leseni inaweza kumfuata mmiliki. Uwezo mnao, na mmeshautumia. Kilichobaki ni uamuzi.

Kinachopotea tukiachwa hivi

Waheshimiwa, fikirini stesheneri moja ya mtaani. Hapo ndipo kijana anapojazia maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Hapo ndipo mama anaposkani cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na mstaafu anapochapa barua ya kufuatilia mafao yake. Flashi zinaingia na kutoka kutwa nzima. Kompyuta hiyo ikibaki bila viraka, walioko hatarini ni wote waliochomeka flashi hapo, na ofisi zote watakakozipeleka flashi hizo baadaye.

Hatari hii mnaijua. Mei 2017 WannaCry ilienea duniani kwa kupitia mashine ambazo hazikuwa na kiraka mlichokitoa miezi miwili kabla. Siku zile mlifanya jambo la kiungwana: mlitoa kiraka hata kwa Windows XP, ingawa msaada wake ulikuwa umekoma tangu Aprili 2014. Mlitambua kwamba usalama wa wengi ni mkubwa kuliko kalenda. Nawaomba mlitambue hilo mapema safari hii, kabla ya maafa.

Mjue pia kwamba leseni iliyokufa inazaa soko la Windows za kuchakachua. Mteja aliyekuwa na leseni halali, akiambiwa na kompyuta kwamba hana, hakimbilii kununua nyingine kwa bei inayokaribia ya kompyuta nzima ya mtumba. Anamwomba fundi ampigie ile ya bure. Programu za kuamilisha kwa wizi mara nyingi huja na virusi ndani yake, na nyingi humtaka mtu azime kwanza kinga ya kompyuta. Utaratibu mliouweka kuzuia wizi unamsukuma mtu mwaminifu kwenye mikono ya wezi.

Kisha kuna taka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kuishia jalalani kwa sababu ya kukoma kwa Windows 10. Nyingine zitaletwa huku kwa bei ya kutupa, zikiwa tayari haziruhusiwi kupata toleo jipya. Zitakapokufa, moshi wa nyaya zinazochomwa ili kupata shaba utavutwa na watoto wetu.

Tunachoomba

Kwanza, ruhusuni leseni iliyokuja na kompyuta ihamie kwenye madabodi mpya pale ya zamani inapoharibika, hata kama aliyeibadilisha ni fundi wa mtaani. Mkitaka uthibitisho, tupo tayari kuutoa: namba ya mashine, picha ya stika, ushahidi wa bodi iliyoungua. Ondoeni pia kikomo kwa anayethibitisha ukarabati.

Pili, ifungueni Windows 11 kwa kila kompyuta yenye TPM 2.0 na Secure Boot, bila kujali kizazi cha prosesa, ilimradi prosesa hiyo inaweza kuuendesha mfumo. Wekeni onyo mnalolitaka, lakini muahidi viraka vya usalama. Leo mafundi tunaiingiza kwa njia za pembeni, na mteja anabaki na mashine ambayo hamkumhakikishia sasisho la kesho.

Tatu, viraka vya Windows 10 vitolewe bure kwa watumiaji wa nyumbani wa Afrika kama mlivyowapa wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na muda wake ufike Oktoba 2028, sawa na mashirika yanayolipa.

Nne, msiwashe usimbaji fiche kabla ya kumwuliza mwenye kompyuta, na kabla hajaonyeshwa ufunguo wake na kuuandika au kuuchapa. Maelezo hayo yawepo kwa Kiswahili chepesi, lugha ambayo mmeshaitafsiria Windows.

Tano, mnao mpango wa leseni nafuu kwa wakarabati wa kompyuta waliosajiliwa. Ufikisheni kwa fundi mwenye meza moja Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kisumu, kwa masharti anayoyaweza na kwa malipo ya simu. Sisi ndio tunaoziweka hai mashine zenu baada ya wateja wenu wa kwanza kuzichoka.

Nasema wazi tutakachofanya tusiposikilizwa. Ipo mifumo endeshi kama Ubuntu na Linux Mint, isiyodai uamilishaji na isiyouliza madabodi imetoka wapi. Mara nyingi diski yake huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, ikawaka na kazi ikaendelea. Nimeanza kuwafundisha wateja wangu kuitumia, na nitaendelea. Najua kuna programu za kodi, za benki na za ofisi zinazotaka Windows, na wenye kuzihitaji watabanwa. Ndiyo maana naandika badala ya kuondoka kimya.

Naomba jibu la maandishi, la hadharani kama barua hii, kabla ya tarehe 13 Oktoba 2026, siku ambayo mwaka wa nyongeza unamalizika. Jibu hilo liseme, kwa kila ombi kati ya haya matano, kama mmekubali au mmekataa, na kwa sababu gani. Watu hawa walilipia Windows. Kubadilisha kifaa kilichoungua hakuwafanyi wawe wageni kwenye kompyuta zao wenyewe.

Wenu katika kazi,

Fundi kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.